Mali kauli ikifika mbele ya hakimu

Mama mmoja mteja wangu alikuja na kikapu cha ukili, mkono mmoja wa kikapu umefungwa kwa kipande cha kanga. Nilidhani anatoka soko la Mgandini na amepita kunisalimu tu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akakaa kwanza apumue, maana ngazi za jengo letu ni kali na magoti yanamsumbua. Kisha akaweka kikapu mezani na kuanza kutoa vitu: kaunta buku tatu zenye mgongo mwekundu, bunda la risiti lililobanwa kwa mpira, na simu iliyopasuka kioo kwenye kona.

"Mwanangu wakili," akasema, "kuna mtu ananila, na mimi namwona."

Ana duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kwa miezi saba alikuwa akimpa mkandarasi mmoja saruji, nondo na bati kwa mali kauli. Mkataba wa maandishi hakuna. Kulikuwa na kujuana, salamu za kila asubuhi, na neno moja: mradi ukilipwa, nakulipa. Mzigo wote ulifika shilingi 41,800,000. Akapokea 500,000 kwa simu, na baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Nasimulia kwa idhini yake, na yote yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Nawaandikia mawakili wenzangu, hasa vijana wanaoanza kushika mashauri ya biashara huku mikoani, lakini nitafurahi zaidi yakisomwa na wenye maduka. Baada ya miaka yangu ya kusimama mahakamani nimeamini kwamba shauri la biashara huwa limeshashinda au limeshashindwa kabla wakili hajashika kalamu. Hatima yake inaamuliwa dukani, siku mzigo unapopakiwa, na ni juu ya yule kijana wa stoo kama ataandika au hataandika.

Tanga inaishi kwa mali kauli. Machungwa ya Muheza yanapakiwa hivyo, mboga za Lushoto zinateremka hivyo, na nyumba nyingi unazoziona zikiota kwenye viunga vya mji zimesimama juu ya saruji ambayo haijalipiwa. Sheria yetu ya Mikataba haikatazi. Makubaliano ya mdomo, yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa jambo halali na kwa malipo halali, ni mkataba kamili. Kwa hiyo wakili anayemwambia mfanyabiashara "huna mkataba" anamdanganya. Mkataba anao. Anachokosa mara nyingi ni namna ya kumwonyesha mtu wa tatu, ambaye hakuwepo dukani, kwamba mkataba huo ulikuwapo na ulisema nini. Mtu huyo wa tatu ndiye hakimu.

Kabla ya yote alitaka twende polisi. Karibu kila mdai wa deni anaanza hapo, na namwelewa: kituo kiko karibu, na mdaiwa akikaa mahabusu usiku mmoja ndugu zake huchangishana. Nilimkatalia, na sababu nilimweleza taratibu, nikirudia mpaka akaridhika. Deni la biashara ni daawa, yaani shauri la madai, si jinai. Likigeuzwa jinai bila kosa la jinai, mdaiwa anapata jambo jipya la kulalamikia, na siku ya siku wewe uliyekuwa mdai unajikuta unadaiwa fidia kwa kumkamatisha mtu. Baya zaidi ni ile karatasi ya "nakiri kudaiwa" inayoandikwa kituoni. Mtu akija kusema aliisaini kwa kuogopa kulala ndani, hiari yake inatiliwa shaka, na karatasi uliyoitegemea kama nguzo inakuangukia. Nimeshika mashauri mawili ya namna hiyo, na yote mawili yangekuwa mepesi kama mteja angeanzia ofisini kwangu.

Tukafungua madaftari.

Nataka mwone ukurasa mmoja. Juu kushoto kuna tarehe. Chini yake, kwa kalamu ya bluu: saruji mifuko 60, nondo mm 12 vipande 40, bati geji 28 vipande 35. Mbele yake bei, chini yake jumla. Kulia kabisa kuna sahihi iliyoandikwa kwa jina la utani, lile ambalo mafundi wenzake wanamwitia huyo mkandarasi. Ukurasa umevimba kwa unyevu wa bahari, wino umetawanyika kidogo kwenye namba sita. Kurasa kumi na tisa zilikuwa hivyo. Nyingine nne hazina sahihi kabisa, zina maneno "kachukua dereva".

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli. Ila Sheria ya Ushahidi inakwenda hatua moja mbele ya wahenga. Inakubali kumbukumbu za hesabu zinazoandikwa kwa mfululizo katika kuendesha biashara, lakini inasema maandishi hayo peke yake hayatoshi kumbebesha mtu deni. Daftari linahitaji shahidi wa kulishika mkono. Mantiki yake naiona: daftari limeandikwa na mdai mwenyewe, na hakuna mtu anayeshindwa kuandika kwamba jirani yake anadaiwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mama halikuwa "anadaiwa kiasi gani" bali "nani aliupeleka mzigo". Jibu lilikuwa kijana mmoja mwenye kirikuu, anayekodishwa pale nje ya duka. Tulimtafuta siku ileile. Anaikumbuka nyumba, anaukumbuka mti uliokuwa unazuia gari kuingia, anakumbuka nani alimpokea na nani alimpa hela ya soda. Kwa macho yangu kijana yule alikuwa na thamani kuliko kaunta buku zote tatu. Zile kurasa nne za "kachukua dereva", ambazo wakili wa upande wa pili angezifuata kwanza, ndizo zilizokuja kuwa na shahidi aliyeuona mzigo ukishuka.

Hapo tukafika kwenye simu, na lazima niseme jambo linaloniuma mpaka leo.

Miaka ya mwanzo ya uwakili wangu nilimsimamia mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza. Alikuwa amepeleka mzigo kwa mnunuzi wa mbali na makubaliano yote yalikuwa kwenye ujumbe wa WhatsApp: bei, idadi ya magunia, ahadi ya malipo, hata kuomba radhi kwa kuchelewa. Nilimwambia apige picha za skrini, akazichapisha duka la steshenari, nikaziambatisha, nikaenda mahakamani nimetulia kabisa. Wakili wa upande wa pili alisimama na kuuliza mambo matatu. Simu ni ya nani? Nani alichapisha, na kwa mashine gani? Simu yenyewe iko wapi ili tuilinganishe? Mteja wangu alikuwa ameshaiuza. Karatasi zikakataliwa. Bila karatasi hizo tukabaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake, na anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Tukashindwa. Tulipotoka nje hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo yale maneno yake yote hayakuandikwa?"

Yaliandikwa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sheria ya kuyaingiza ilikuwapo na sikuisoma kwa makini.

Njia hii ilianza kufunguliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, haikuijua kompyuta. Katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, lililofunguliwa mwaka 2000 kwenye Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, Jaji alikubali kumbukumbu za benki zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta, akaona kwamba mahakama haiwezi kufumba macho wakati biashara imeshaondoka kwenye karatasi. Bunge likafuata baadaye, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Sheria hiyo haisemi kwamba ujumbe wa simu ukubaliwe tu kwa kuwa upo. Inaitaka mahakama ipime ujumbe ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, ulitumwaje, uzima wake umelindwaje, na mwandishi wake ametambuliwaje. Maswali matatu ya wakili yule yalitoka humo humo.

Kwa hiyo simu ya mama haikutoka ofisini bila mpango. Nilimsihi asiiuze, asifute chochote, asimpe mjukuu achezee. Mazungumzo tuliyatoa yote kuanzia salamu ya kwanza, hatukuchagua vipande vinavyotupendeza, maana kipande kilichokatwa kinazaa swali la nini kilikatwa. Ujumbe wa sauti tuliuandika neno kwa neno na sauti yenyewe tukaihifadhi. Mama akaapa kiapo kueleza simu ni yake tangu lini na namba ya mkandarasi anaijuaje. Kijana aliyechapisha naye akaapa chake: alitumia mashine gani, siku gani, na kwamba hakubadilisha kitu. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mtu hawezi tena kusema kirahisi kwamba namba si yake. Na tukampa mdaiwa notisi ya kuleta nakala zake za hati za kupokelea mzigo, ili asipozileta tuweze kutumia tulizonazo.

Kuna mtego mwingine ambao bado naona vijana wanaingia. Hati uliyoiambatisha kwenye madai haijawa ushahidi. Ni kiambatisho. Inakuwa kielelezo pale shahidi anayeijua anapoitambua, anapoomba ipokelewe, upande wa pili unapopewa nafasi ya kupinga, na hakimu anapoipokea na kuipiga muhuri. Shahidi akianza kuisoma kabla haijapokelewa, umempa mwenzako pingamizi la bure. Na hati zinazotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu zilipiwe kabla hamjaondoka ofisini, maana isiyolipiwa haipokelewi mpaka ushuru na faini vilipwe, na hakuna aibu kama kuomba ahirisho huku mteja wako amefunga duka kwa ajili ya siku hiyo.

Kati ya vyote vilivyokuwamo kwenye ile simu, kilichonifurahisha zaidi ni muamala wa 500,000. Mama aliuona kama dharau: mtu anadaiwa zaidi ya milioni arobaini anatuma laki tano. Mimi niliuona kama sahihi. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mdai wa mkataba miaka 6. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, saa inaanza kuhesabu upya kuanzia siku aliyolipa. Juu ya hapo, mtu halipi sehemu ya deni asilolijua. Chini ya muamala ule kulikuwa na ujumbe: "Mama naomba uvumilivu, mradi haujalipwa, mwezi wa tatu nitapunguza tena." Nikamsomea mama kwa sauti neno la mwisho. Tena. Mtu anayesema atapunguza tena amekiri kwamba lipo la kupunguzwa.

Tukaandika barua ya madai, siku 14. Sikuweka tishio wala maneno makali. Niliweka orodha ya kurasa za daftari na tarehe zake. Barua kali humfanya mdaiwa atafute wakili, na barua yenye hesabu humfanya ajibu mwenyewe, na akijibu mwenyewe huwa hakani. Alijibu. Alisema anayajua na anajipanga. Hapo nikawa na kukiri kwa pili, na hiki alikitia sahihi.

Sasa, kumshtaki nani? Swali linaonekana dogo lakini limeua mashauri mengi. Kwenye ubao wa ofisi ya mkandarasi kumeandikwa jina kubwa lenye neno "Enterprises" mwishoni. Ulizia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla hujafungua shauri. Likiwa jina la biashara tu, hakuna kampuni hapo, yupo mtu anayefanya biashara kwa jina hilo, na ndiye wa kutajwa. Ikiwa ni kampuni, basi unaidai kampuni wala si mkurugenzi wake, hata kama ndiye anayekuja dukani na kandambili. Na kama mteja wako ndiye kampuni, mwambie bodi ikae, ipitishe azimio la kufungua shauri, uliambatishe. Kumekuwa na mabishano mahakamani kuhusu lini azimio linahitajika na lini si lazima. Usimfanye mteja wako awe uwanja wa kumaliza ubishi huo wakati karatasi moja ingetosha.

Ikiwa mdaiwa ni halmashauri, wakala wa serikali au shirika la umma, mambo yanabadilika kabisa. Notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, shauri liende Mahakama Kuu. Mabadiliko ya mwaka 2020 yalipanua wigo huo, na kutomuunganisha Mwanasheria Mkuu kunabatilisha mwenendo wote. Wazabuni wengi wa Tanga wanauza kwa taasisi za umma na hawalijui hili mpaka wamechelewa.

Shauri letu lilikuwa dogo kiasi cha kutosha Mahakama ya Wilaya, na sheria inataka uanzie kwenye mahakama ya chini kabisa yenye mamlaka. Tukasajili kwa mtandao, namba ya malipo ikaja kwenye simu, tukalipa.

Hapo kwenye kuandika madai nataka nitulie kidogo, kwa sababu ndipo tamaa inapoingia. Mama alitaka tudai na faida aliyoikosa, na usumbufu, na kushuka kwa jina. Nikamsimulia habari ya korona, ule mtambo wa kutoa nyuzi za mkonge.

Mwenye korona ndogo ya mkonge, upande wa Korogwe, alivunjikiwa shafti. Akaipeleka kwa fundi wa karakana, akaahidiwa siku tano, ikachukua ishirini na sita. Korona ikalala. Majani ya mkonge yakishakatwa hayangoji, yakikauka yanakataa kutoa nyuzi nzuri. Alikuja kwangu akitaka alipwe faida ya wiki tatu na zaidi. Ajabu ni kwamba kisa chake kimeshaamuliwa tangu 1854, huko Uingereza. Wenye kinu cha kusaga cha Gloucester walivunjikiwa shafti, wakampa msafirishaji aipeleke iwe kielelezo cha kutengenezea nyingine, msafirishaji akachelewa, kinu kikalala. Katika shauri hilo la Hadley dhidi ya Baxendale mahakama iliwanyima faida waliyoikosa, kwa sababu msafirishaji hakuwa ameambiwa kwamba bila shafti ile kinu hakisagi. Anayevunja mkataba analipa hasara inayotokea kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba itatokea. Kanuni hiyo ikaingia kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kupitia huko ikafika kwetu. Nilimuuliza yule mwenye korona, "Ulimwambia fundi huna shafti nyingine?" Akatafuta kwenye simu. Siku ya kwanza kabisa alikuwa ameandika: "Kijana fanya haraka, majani yameshakatwa shambani na shafti ni hiyo hiyo moja." Sentensi moja ilibeba shauri zima. Lakini bado ilibidi tuorodheshe fidia mahsusi moja moja, mishahara ya vibarua waliokaa bure, mafuta, uzito wa majani yaliyotupwa, kila kimoja na karatasi yake. Fidia mahsusi isiyotajwa kwa kina na kuthibitishwa kwa kina haitolewi, na hakimu hana ruhusa ya kukisia kwa kukuonea huruma.

Mama alisikiliza, akasema, "Basi andika deni langu na riba, hayo mengine yaache." Niliona nina mteja mwenye hekima.

Upande wa pili walileta pingamizi la awali, kama kawaida. Walisema mkataba wa mdomo hauwezi kuzaa deni la kiasi hicho na kwamba mzigo haukupokelewa. Tangu shauri la Mukisa Biscuits, mwaka 1969, Afrika Mashariki nzima inajua kwamba pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, inayosimama hata ukichukulia kwamba yote yaliyoandikwa na mdai ni kweli. Kama mzigo ulipokelewa au haukupokelewa ni jambo la ushahidi. Pingamizi likatupwa. Mwaka 2018 sheria ya mwenendo wa madai iliongezewa kanuni ya kutazama kiini cha haki badala ya ufundi, sambamba na Katiba yetu ibara ya 107A, na nashukuru. Ila naomba vijana wasiichukue kama dawa ya kila jeraha. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba kanuni hiyo haifuti masharti ya lazima. Ukikosea mamlaka ya mahakama au ukomo wa muda, hakuna huruma itakayokuokoa.

Na namba za vifungu, tafadhali, zihakikiwe upya. Urekebu wa sheria zetu wa mwaka 2023, yaani toleo lililopangwa upya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 umevihamisha vingi. Kifungu ulichokikariri chuoni huenda leo kinazungumzia kitu kingine.

Kisha tukapelekwa kwenye usuluhishi, hatua ambayo kila shauri la madai linapitia kabla ya kusikilizwa. Wapo mawakili wanaoingia pale kwa dakika kumi, wanasema "imeshindikana", wanatoka. Nadhani wanawadhulumu wateja wao. Tanga ni mji mdogo. Mdai na mdaiwa wanaswali safu moja, watoto wao wamesoma darasa moja, na kesho mkandarasi yule atahitaji saruji na mama atahitaji mnunuzi. Hukumu ingempa mama karatasi, na baada ya karatasi ingebidi tuanze safari ya kukazia hukumu, yaani kumlazimisha mdaiwa alipe kilichoamuliwa, tutafute gari liko kwa jina la nani, kiwanja kiko kwa jina la nani. Anayejua ugumu wa safari hiyo hadharau meza ya usuluhishi.

Siku ile mkandarasi alikuja amevaa shati limepigwa pasi, hakumtazama mama machoni. Msuluhishi akamruhusu aseme. Akasema mradi wake mwenyewe haujalipwa wote, ameuza kirikuu chake, anaona haya kupita barabara ile. Mama akanyamaza kwa muda. Halafu akamwambia, "Ungekuja ukaniambia hivyo, mwanangu, tusingefika huku." Akasamehe riba. Wakakubaliana 41,300,000, kwa awamu, na mimi nikasisitiza kifungu kimoja ambacho sikiachi kamwe: akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linaiva siku hiyo hiyo, na tunakwenda moja kwa moja kwenye kukazia hukumu bila kufungua shauri jipya.

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na Kiingereza kinabaki kwa mazingira maalumu. Bado tunahangaika na maneno, wakili huyu anasema hivi na yule vile, na mwenendo wa mashauri kwenye ngazi za juu bado una Kiingereza kingi. Lakini mimi nilianza kazi enzi shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, hukumu inasomwa kwa Kiingereza, na mteja ananigeukia kuniuliza kama ameshinda. Nimewahi kumuona mtu mzima akitabasamu wakati inasomwa hukumu inayomnyang'anya nyumba, kwa kuwa hakujua kinachosemwa. Sitaki kurudi huko.

Nikampa mama hati aisome kabla ya sahihi. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ya chini kama anayesoma barua ya mwanawe. Sote tukangoja, mkandarasi na wakili wake na msuluhishi. Alipofika kwenye awamu kidole kikasimama. Kilirudi juu, kikashuka tena. Hati ilisema awamu ya kwanza 5,300,000, na baada yake awamu tano za 6,000,000 kila mwezi.

Akainua uso, akavua miwani.

"Mwanangu wakili," akasema, "milioni sita yangu moja iko wapi?"

Nikahesabu. Awamu zilitakiwa kuwa sita. Hati ile niliiandaa mimi, wakili mwenzangu aliipitia, na hakuna aliyeona. Tukakata neno "tano", tukaandika "sita" juu yake, na kila mmoja akatia sahihi ya kifupi pembeni, mkandarasi naye. Mama akaomba nakala yake, akaikunja mara mbili, akaiweka katikati ya kaunta buku ya tatu, kwenye ukurasa wa mwisho wenye jina la utani la yule bwana.